Koti la Mjomba Wako

Mhezi, Jumapili baada ya kanisa

Mwanangu Namkunda,

Umetoka na mama yako kwenda kumuaga bibi, na jinsi ninavyomjua bibi yako, hamtarudi kabla ya kulishwa mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza yako yenye mguu mfupi, nimeuwekea kigae ili isitikisike, na sanduku lako liko hapa mbele yangu likingoja kufungwa kamba.

Habari za blanketi, mafuta ya kujipaka, na kutovua viatu ndani ya gari moshi nimemwachia mama yako. Ameshika yote kichwani, na atakusomea tena kesho njia nzima mpaka Same, usiwe na wasiwasi. Mimi nina jambo moja tu. Limenichukua miaka sita kulifikia, basi nivumilie nikizunguka kidogo. Sisi walimu tunapenda kuzunguka.

Alhamisi jioni ulikuwa jikoni unachambua maharage. Nikakuuliza, kwa ile furaha yangu ya kijinga, utakapotoka chuoni na kuwa mwalimu wa Kiingereza utaanza na mchezo gani wa kuigiza. Nilidhani utacheka. Hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Baba, mimi sitawachezesha watoto mchezo wowote. Nitafundisha kitabu. Kilichoandikwa ndicho watakachosoma." Mama yako akakutazama wewe, akanitazama mimi, kisha akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Tangu siku hiyo sina raha. Jibu lile ninalijua lilikotoka. Lilitoka kwenye koti la mjomba wako, na aliyelileta koti lile shuleni ni mimi.

Ngoja nianze mbali zaidi, maana hukuniona nilivyokuwa nikifundisha ukiwa bado unanyonya. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Mimi nasoma sentensi, watoto wanaitikia, mimi nasoma, wao wanaitikia, na anayekosea anachapwa. Nilijivunia sana darasa langu. Ukipita nje ungedhani ni kwaya. Walijua ukurasa baada ya ukurasa wa kitabu cha misheni, habari za mfalme na farasi wake na shairi la theluji, wote kwa sauti moja.

Kisha akaja mkaguzi wa shule. Mzungu mwembamba, mpole, amepanda mlima kwa miguu. Akamsimamisha mwanafunzi mmoja hodari na kumuuliza kwa Kiingereza chepesi tu asubuhi hii amekula nini. Mtoto yule akanyoosha mgongo, akafumba macho, akaanza habari ya mfalme na farasi tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Darasa zima likamsaidia mwishoni. Mkaguzi hakucheka. Alimshukuru mtoto, akaandika kitu kwenye daftari lake, kisha akaniambia taratibu kwamba wanafunzi wangu wana kumbukumbu nzuri sana. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na hasira naye. Ilinichukua kama mwezi mmoja kujua kwamba hasira hiyo ilinistahili mimi, si yeye.

Aliyenipa dawa ni marehemu mama yangu, na yeye hakujua hata neno moja la Kiingereza. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta anasaga huku akiwahadithia wajukuu. Unajua hadithi zetu zilivyo, katikati kuna wimbo, na msimuliaji hasongi mbele mpaka wasikilizaji waitikie. Kulikuwa na mtoto wa jirani wa miaka mitatu, bado hawezi hata kuomba maji vizuri, lakini ilipofika zamu ya kuitikia aliitikia maneno yote, na kwa sauti ya huzuni, kwa sababu mtu wa kwenye hadithi alikuwa anaagana na dada yake. Hakuna aliyemchapa yule mtoto. Alitaka tu hadithi iendelee.

Nikajiambia, basi. Jumatatu niliweka fimbo juu ya kabati. Nikawahadithia kwa Kiingereza hadithi zetu wenyewe, na wimbo nikauacha katikati, na nikakataa kuendelea mpaka waitikie. Shairi la theluji sikulitupa, nililipeleka kwa mlango mwingine. Nilimwambia kila aliyewahi kufika Same asubuhi isiyo na mawingu achore alichokiona kule mbali juu ya mlima wa Kilimanjaro. Walichora kwa mkaa juu ya mbao, wakapaka unga wa muhogo mahali penye weupe, tukaandika majina chini ya kila kitu. Siku hiyo shairi likawa la kwao. Watoto waliokuwa hawafungui mdomo walianza kugombana kwa Kiingereza kama ni theluji au ni wingu. Kiingereza kibovu, mwanangu, kibovu kabisa, lakini kilikuwa kinatembea chenyewe.

Na wewe ulikuwepo. Hukuwa na umri wa kuingia darasa lile, ulilia mlangoni mpaka nikakuachia ukae benchi la nyuma. Ulijifunza upesi kuliko wote, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Haya, nasema pia kwa kuwa ni wangu.

Sasa nafika kwenye mwaka wenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Vuli ilikuwa ya shida, mvua zilidondoka kidogo zikaenda zake, na watu wote walikuwa wanategemea ndiva yetu, lile bwawa la mifereji ya mashamba, pale juu. Mgawaji wa maji alikuwa mjomba wako Senkondo, kama baba yake na babu yake kabla yake. Yeye ndiye aliyekuwa anachomoa kizibo cha ndiva asubuhi na kusema leo maji yaende mfereji huu, kesho ule, na hakuna aliyebishana naye, kwa sababu alijulikana hapendelei.

Pembe ya msaragambo ilipopigwa ili watu wakatoe tope ndani ya ndiva, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake. Nyumba yetu haikutoa. Mama yako alikuwa na mimba kubwa ya mdogo wako Elia, na mimi nilikuwa na sikukuu ya wazazi shuleni baada ya wiki tatu. Nikasema kwa sauti, ili jirani wasikie, kwamba kazi ya shule nayo ni kazi ya umma. Sheria unaijua: asiyetoka kwenye msaragambo hana zamu ya maji msimu ule. Nikasema maharage yatajitegemea. Mwenye maharage alikuwa mama yako, si mimi.

Katika siku zile ukazuka mnong'ono. Watu waliamkia ndiva mara mbili wakaikuta nusu. Kuna mtu alikuwa amefungulia maji nje ya zamu, na wachache walisema, kwa kuziba mdomo, kwamba ni mgawaji mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumwambia usoni.

Mimi niliusikia mnong'ono ule kama mwalimu anayetafuta mchezo. Niliuona ni zawadi. Ndani yake kulikuwa na baraza, mshitakiwa, mashahidi, maswali na majibu, kila Kiingereza nilichokuwa nakitaka: nani, lini, kwa nini, ulikuwa wapi, ulifanya, hukufanya. Nikabadilisha jina. Nikaiweka nchi ya mbali. Nikajiona mjanja sana, maana wazazi wote waliokuja hawakujua Kiingereza, na nilikiona Kiingereza kama pazia. Nilisahau kwamba kulikuwa na wageni wawili ambao pazia lile kwao lilikuwa dirisha.

Nafasi ya mwizi wa maji nilikupa wewe. Uliniambia nguo zako hazifanani na za mgawaji wa maji. Nikakujibu, nenda kwa mjomba wako kaazime lile koti la jeshi, lenye kiraka chekundu kwenye kiwiko. Kumbuka vizuri, Namkunda. Nilikujibu mimi. Wewe hata uliuliza, "Si watu watalijua, Baba?" Nikasema, "Watacheka tu."

Mjomba alikupa koti kwa mikono miwili. Alilipiga vumbi kwanza, akakufunga vifungo mwenyewe.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Mkaguzi alikuwepo, na safari hii alikuja na Bwana Shauri, mtu wa serikali kutoka Same. Ulipotoka na koti lile linalofagia chini, watu walianza kucheka kabla hujasema neno. Kisha ukasema, na kicheko kikakatika. Hawakuelewa hata sentensi moja lakini walijua mtu fulani yuko taabani. Ulisimama mbele ya hakimu wa mchezo, ukasema kwamba ni kweli umefungulia maji, na kwamba maji yakiona shamba linakufa hayaulizi zamu ya nani. Maneno hayo niliyaandika mimi usiku na mchana nikiyarekebisha, lakini jinsi ulivyoyasema sikukufundisha. Mkaguzi alitoa leso. Mjomba wako alikuwa amekaa mstari wa mbele, na ulipomaliza alisimama, akapiga makofi juu ya kichwa chake, akageuka kwa watu akisema, "Huyo ni mtoto wa dada yangu! Mmemsikia? Huyo ni wetu!" Alipiga makofi wakati wengine wote wameshachoka.

Wewe uliona mpaka hapo. Kilichofuata hukukiona, ulikuwa unavua koti.

Bwana Shauri alinijia akitabasamu. Akaniuliza kwa Kiingereza, mbele ya wazee wote wa kanisa, kama mchezo ule ni hadithi tu au ni mambo ya kweli. Mwanangu, ningeweza kusema ni hadithi. Lakini nilitaka aone kwamba mwalimu wa Mhezi hafundishi kasuku tena, kwamba Kiingereza cha wanafunzi wangu kinatoka kwenye maisha. Nikasema ni kweli tupu, ya hapa hapa, ya msimu huu huu. Akauliza, na koti je? Nikamwonyesha mwenye koti kwa kidole. Mjomba wako aliona kidole changu na uso wa Bwana Shauri umemgeukia, akadhani anasifiwa. Akatuinulia mkono.

Kiingereza changu siku ile hakikuwa na kosa hata moja.

Hayakupita majuma mawili mjomba wako akaitwa barazani. Wazee wa upande wa mama yako wakaja nyumbani pamoja naye, waniulize habari imefikaje serikalini. Walikuja kwa adabu, wakakaa. Nilipaswa kusema. Nilikuwa nimeandaa hata maneno. Nikamwona mjomba wako ananitazama kwa upole, kama mtu anayengoja kusaidiwa, na ulimi wangu ukashika njia yake wenyewe. Nikasema, "Ni mtoto. Maneno aliyaongeza mwenyewe, na koti alikwenda kuliazima mwenyewe. Watoto wa siku hizi hawana kizuizi mdomoni."

Ulikuwa umesimama mlangoni na kata ya maji ya wageni. Ulisikia kila neno. Ukaingia, ukapiga goti kwa kila mzee, ukawapa maji mmoja mmoja, ukanipa na mimi. Hukusema kitu. Hukusema siku hiyo, wala kesho yake, wala miaka yote hii.

Barazani mjomba wako hakujitetea. Aliulizwa alimfungulia nani maji, akanyamaza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na watu wakacheka wakidhani anazungumzia koti. Ugawaji wa maji akapewa mtu mwingine, na kazi ya ukoo mzima ikaishia asubuhi moja.

Jioni ile mama yako alipakua makande. Nilikuwa nakula. Akaniuliza, "Unajua unakula nini?"

"Makande," nikasema.

"Unakula maji ya kaka yangu. Nilimwendea mimi, na tumbo hili, nikamwambia maharage yangu yanakufa kwa sababu mume wangu ana kazi ya umma. Akanifungulia mara mbili. Sasa kaka yangu amepoteza kazi ya baba yake kwa maharage yako, na mwanao amepoteza mjomba kwa mdomo wako. Kula."

Nilikula. Hilo nalo nakuambia ili usiniwazie vizuri kuliko nilivyo. Nilikula mpaka sahani ikaisha, kwa sababu sikujua kufanya nini kingine.

Maji yakimwagika hayazoleki, hivyo ndivyo nilivyojifariji. Usemi mzuri sana kwa mtu mvivu wa kuinama. Nilikuona ukiacha kupita kwa mjomba, ukishika njia ya chini yenye matope ili usikutane naye. Nilisema moyoni, atasahau. Ulipokwenda shule ya bweni, mwalimu wako mkuu aliniandikia kwamba unaandika Kiingereza vizuri kuliko wote lakini husimami mbele ya watu, hukariri shairi, huimbi peke yako. Nikamjibu kwamba ndivyo ulivyoumbwa, mwenye haya. Ona, nilikuongezea uongo wa pili hata kabla ya kuuondoa wa kwanza.

Na mimi mwenyewe niliogopa. Nilirudi kwenye kitabu. Niliteremsha fimbo kutoka kabatini. Darasa langu likawa kwaya tena, na wazazi wakasema mwalimu ametulia sasa.

Mwaka jana nilikwenda Same kuchukua mzigo wa shule kituoni. Karani wa tiketi akasimama, akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu." Sikumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa ndiye hakimu katika mchezo wetu. Akaanza kunihoji kwa Kiingereza, ulikuwa wapi, nani alikuona, una ushahidi gani, maswali yote kwa mpangilio wake, abiria wanatutazama. Kisha akasema, "Mwalimu, yale ya kitabu yote yamenitoka. Kiingereza ninacholia ugali hapa ni cha ule mchezo." Kesho yeye ndiye atakayekukatia tiketi. Mwamkie.

Nilipanda mlima siku hiyo nikiwa na furaha na uchungu pamoja, sijui kilichokuwa kizito zaidi. Kwa miaka mitano nilikuwa nimewanyima watoto kile kitu kwa sababu ya uongo wangu, kana kwamba mchezo ndio uliosema uongo. Mchezo haukusema uongo, Namkunda. Ulisema kweli kupita kiasi, mahali ambapo mwenye kweli yake hakuulizwa. Ningemwendea mjomba wako na kumwambia shemeji, nataka kutumia jambo hili, unaonaje, angenikataza, na mimi ningetafuta hadithi nyingine. Hadithi hazikuwa haba. Ningemsimamisha mtoto mmoja aeleze kwa Kipare kabla ya kuanza kwamba leo mtaona hivi na hivi, wazazi wote wangejua wanachokipigia makofi. Nilitaka washangae tu. Nilipenda kuwaona wakishangaa.

Kwa hiyo sikuombi unifuate. Nakuomba usikiache kitu kizuri kwa sababu ulikiona mikononi mwa mtu mwoga. Watakuja watoto wa kwako, watakaa mbele yako na midomo imefungwa, na kitabu kitawafundisha kuitikia. Siku moja utatamani waseme jambo. Siku hiyo utakumbuka jinsi ulivyosimama ndani ya koti lile, na sitaki ukumbuke aibu. Ulichofanya kilikuwa kizuri. Kilikuwa ndicho kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka darasani kwangu, na mimi nilikitupia matope ili viatu vyangu vibaki safi. Nisamehe, mwanangu. Nakuomba hivyo kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Uongo wangu uliubeba ukiwa na miaka kumi na miwili, na ulinibebea bila kunidai hata kwa macho.

Sasa neno nililosema limenichukua miaka sita. Jana alasiri, baada ya kukaa na jibu lako la Alhamisi mpaka nikashindwa, nilikwenda kwa mjomba wako. Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe.

"Karibu, Mwalimu," akasema, akanisogezea kigoda.

"Shemeji, nimekuja kwa habari ya lile koti."

"Umechelewa kidogo. Kutoka kwako mpaka hapa si mbali."

Nikamwambia. Kwamba maneno niliandika mimi, koti nilimtuma mtoto mimi, na aliyemwonyesha kwa kidole ni mimi. Aliendelea kuchonga.

"Kidole nilikiona," akasema. "Nilikupungia, hukumbuki?"

"Basi ulijua?"

"Nilijua siku ile tulipokuja kwako. Mtoto alitupa maji, hakumwaga hata tone. Ulipopewa wewe, ulimwaga mpaka magotini."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya wazee.

"Niseme mume wa dada yangu ni mwongo, halafu dada yangu akaishi na nani? Nilingoja useme mwenyewe. Nikaona hutokei, nikadhani labda ni kazi za shule."

Alisema hivyo bila kucheka, halafu akacheka, na mimi nikalia mbele yake kama mtoto aliyechapwa. Aliniacha nilie mpaka mwisho. Mpini alikuwa ameumaliza, akaanza kuulainisha kwa kigae.

Nilipotulia akasema hana la kunidai ila moja. "Siku ile nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka. Mpaka leo sijui nilipigia nini. Mtoto alisema nini pale?"

Nikafungua mdomo kumweleza. Akaniinulia mkono. "Hapana, si wewe. Wewe umeshasema vya kutosha kwa niaba yake. Nataka nisikie kwake."

Ndiyo sababu barua hii imebadilika nikiwa naiandika. Nilipoanza, nilikusudia kuiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga, uikute ukiwa garini, mbali, pasipo na mimi. Ningekuwa nimesema bila kutazamwa. Unaona jinsi tabia isivyoisha. Nimeamua kuiweka juu ya sanduku, na kamba sitaifunga mpaka uwe umesoma. Nitakuwa nje, kwenye jiwe la kunolea. Ukitaka kunitukana njoo unitukane, ukitaka kunyamaza njoo unyamaze nikiwa karibu.

Alfajiri tutashika njia ya juu, si ile ya chini. Kwetu mtoto hatoki safari ndefu bila kuagwa na mjomba wake, na wako amesema atakuwa ukingoni mwa ndiva mapema, amevaa koti. Kiraka mama yako amekishona upya leo asubuhi, na safari hii pia ni chekundu. Atakuomba umchezee ile sehemu ya mwisho, pale mwizi anaposimama mbele ya hakimu. Kwanza kwa Kiingereza, ili asikie tena ile sauti, kisha kwa Kipare, polepole, bila kuruka neno. Hakimu hatakuwepo. Nimemwambia nitasimama mahali pake, nikae kimya, na kuhojiwa nihojiwe mimi.

Ukiona huwezi, mpe mkono tu, naye ataelewa. Lakini ukiweza, mwanangu, mchezee. Amesema mara hii akipiga makofi anataka ajue anapigia nini.

Nasikia sauti ya mama yako kule chini kwenye migomba. Mmerudi mapema kuliko nilivyodhani.

Baba yako